Safari Mbili za Tulia

Jina lake la kuzaliwa halikutumika hata na mama yake. Alikuwa mpiga picha, na kwa kuwa kila aliyekaa mbele ya kamera yake aliambiwa "tulia", mji mzima ukamwita Tulia. Wageni walidhani ni sifa. Sisi tuliokula naye tulijua ni mzaha, kwa maana katika watu wote niliowahi kuwajua, yeye ndiye aliyekuwa hatulii. Chai aliinywa akitembea. Gazeti alilisoma mguu mmoja ukiwa mlangoni. Mkiwa naye sebuleni, mara yuko dirishani, mara amefungua kabati ambalo hakuwa na haja nalo, mara hayupo. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa naye, alikuwa akisema, "Huyu bwana hata usingizi anaulala kwa mafungu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina."

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachoangalia barabara. Palikuwa na benchi la wateja, kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisipotee, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua ni ya wapi. Palikuwa pia na koti moja la suti, lililovaliwa na kila mwanamume aliyetaka picha ya heshima. Dada yangu ni fundi cherehani. Koti lile alilishona yeye, na mgongoni aliliacha wazi ili liwatoshe wanene na wembamba. Kwa mbele wote walionekana mameneja.

Nyuma ya studio kulikuwa na chumba cha giza, na humo ndimo picha zilimosafishwa. Hilo neno vijana wa leo hawalijui vizuri. Zamani za filamu, picha ikishapigwa haikuwa kitu cha kuangalia. Filamu ilitoka kwenye kamera ikiwa imejikunja ndani ya kikopo chake, ikaingizwa gizani, ikapitishwa kwenye dawa mpaka sura za watu zitokee. Ikipata mwanga kabla ya dawa, imekufa. Kazi hiyo yote, toka gizani hadi picha mkononi, tuliiita kusafisha. "Picha zangu zimeshasafishwa?" Swali hilo liliulizwa pale dirishani kila siku iliyokwenda kwa Mungu.

Picha zenyewe zilikuwa za paspoti, za vitambulisho, za wanafunzi wanaoanza shule. Tulia alizipiga vizuri lakini zilimchosha. "Shemeji," aliniambia siku moja, "nimewapiga watu wa mji huu wote, na wote wana sura moja, sura ya mtu aliyeambiwa asicheke." Kwa hiyo alikuwa akitoroka. Angeaga kwamba anakwenda kununua karatasi, akarudi siku ya pili na matope hadi magotini na picha za daraja ambalo hakuna aliyeliomba. Wateja walikaa kwenye benchi, dada yangu akiwaomba radhi huku cherehani inalia.

"Nimeolewa peke yangu," alikuwa akisema, "lakini barabara ikaja ikawa mke mwenzangu. Tena mke mdogo, yule anayependwa."

Watoto wao walikuwa wameshakua na kwenda zao, na dada alitaka sasa mtu wa kukaa naye. Ikatokea nafasi katika ofisi ya leseni za udereva. Walihitaji mpiga picha, mtu wa kukaa nyuma ya kaunta kutoka asubuhi hadi jioni. Dada akampelekea jina. Tulia akaenda kuiona ofisi, akarudi amenyong'onyea.

"Umekiona kiti?" dada akamuuliza.

"Nimekiona. Kinazunguka."

"Si kizuri?"

"Mtu anazunguka hapo hapo mpaka anastaafu."

Katika siku hizo hizo jirani yao mchapaji, aliyekuwa akichapa kadi za harusi na kalenda za maduka, alimjia na wazo. Alitaka kalenda ya pwani: majabali, boti, miji ya wavuvi, picha moja kwa kila mwezi. Ziwe nyeusi na nyeupe. "Mashine yangu ya rangi inaumwa," alisema, "lakini nje usiseme. Nje sema ni mtindo."

Dada yangu aliposikia, hakupiga kelele. Alikata uzi kwa meno, akaweka sindano chini, akatoa masharti mbele yangu na mbele ya mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kukaa nao. "Nenda. Kalenda ikitoka, kile kiti sitakutajia tena maisha yangu. Isipotoka, Jumatatu inayofuata unakwenda kukikalia, na hatutanuniana. Umekubali?"

Tulia alikubali akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa.

Mimi nilikuwa karani wa stoo katika duka la zana za uvuvi. Tuliuza nyavu, kamba, maboya na makoti ya mvua, na mara kwa mara nilizipeleka mwenyewe kwa pikapu ya duka kwenye miji ya kusini. Kwa hiyo Tulia alipanda nami.

Pwani ile si ya mchanga. Ni majabali tangu mwanzo hadi mwisho, meusi, yaliyopasuka pasuka, na bahari inayapiga kama inadai kitu chake. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja una jiwe na upande wa pili una hewa. Pale jabali lilipopasuka vya kutosha, watu wamejibana na kujenga mji: gati fupi la zege, kiwanda cha barafu chenye bomba linalovuja, nyumba zimepandiana kama ngazi, na boti za chuma zikigongana matairi zikisubiri zamu ya kushusha samaki. Miji yote inafanana, lakini wenyeji wake ukiwaambia hivyo utagombana nao.

Safari ile ya kwanza nilichoka kuliko ningesafiri peke yangu. "Simama," Tulia angesema kwenye kona. Nami kabla sijapata mahali pa kuegesha pasipotuua, angesema, "Twende, twende, mwanga umeshapotea." Mjini, wakati nashusha marobota ya nyavu, yeye alikuwa akikimbia gatini toka mwanzo hadi mwisho, akipanda juu ya makreti, akichungulia kwenye mashimo ya boti, akiwaambia wavuvi watulie, na wao wakikakamaa kama wamo studioni. Kisha anarudi garini kabla sijamaliza kupata sahihi ya mteja.

"Umepata?" nilikuwa namuuliza.

"Nimepata kidogo. Mji unaofuata ndio wenyewe."

Mji uliofuata ulipofika, ule uliokuwa mbele yake ndio ukawa wenyewe.

Katika mji wa kwanza kulikuwa na mama mmoja mshona nyavu, mtu mzima mwenye mikono mipana, anayekaa chini ya paa la bati na sindano yake ya mti. Tulia alimpiga picha haraka haraka. "Nitakuletea, mama," alimwambia.

"Wote husema hivyo," yule mama akajibu bila kuinua macho.

Kila mji aliahidi. Nitakuletea, nitakuletea. Filamu zilipojaa alizitia kwenye vikopo vyake na vikopo kwenye mfuko wa kitambaa, na mfuko akaupakata njia nzima ya kurudi, akipigapiga juu yake kwa vidole.

Tulifika nyumbani mchana. Tulia aliingia jikoni, akamkuta mama yake anasugua sufuria. Mama huyu alikuwa mtu wa usafi uliopitiliza. Dada alikuwa akisema kwa upendo kwamba Mama huosha hata sabuni kabla ya kuitumia. Tulia akamwaga vikopo vyote kwenye beseni tupu juu ya meza, akafungua kabati la dawa, akakuta chupa zimekauka. Hapo akawa ameshageuka. "Mama, hizi ni za kusafishwa," alisema. Yaliyobaki, kwamba mtu asiziguse mpaka arudi, aliyasema akiwa ameshavuka mlango anakuja kwenye pikapu. Niliyasikia mimi na injini.

Tulizunguka maduka matatu kutafuta dawa. Tuliporudi, uani kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba, kati ya mashati ya Tulia na taulo, filamu zilikuwa zimening'inia kwa vibanio, ndefu, za kijivujivu, zikipepea juani na kutoa matone. Mama yake alikuwa anamwaga maji ya beseni kwenye mfereji.

"Zilikuwa na uchafu, baba," alisema. "Maji yamebadilika rangi mara tatu. Hii nyembamba ilikuwa na mchanga, nimeisugua kwa brashi ya meno. Nimetumia sabuni ya vyombo, ile ya nguo ni kali."

Tulia alisimama katikati ya ua na chupa ya dawa mkononi. Hakushika kichwa, hakuzunguka, hakugusa hata moja ya zile filamu. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona ametulia kweli, na sikupenda.

Mama akamwangalia. "Au ulitaka nizipige pasi?"

"Hapana, Mama," alisema hatimaye. "Zimetakata. Ahsante."

Dada yangu alikuwa ametokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Alizitazama filamu, akamtazama mumewe. Kwa masharti yake mwenyewe alikuwa ameshinda. Hakukuwa na kalenda, kwa hiyo kiti kilikuwa kinangoja. Nilidhani atasema neno. Alimngoja Mama aingie ndani, kisha akazianua filamu moja moja kama anavyoanua nguo, akazikunja, akaniuliza mimi.

"Pikapu inarudi lini kule?"

Bahati, kama ni bahati, kamba nilizopeleka zilikuwa nyembamba kuliko zilizoagizwa, na kila mji umelalamika. Nilitakiwa kurudi na nyingine wiki ile ile. Nikamwambia.

"Basi nami nakwenda," alisema. "Nataka nione hiyo barabara ina nini kinachonishinda mimi."

Tulia akasema filamu zimebaki mbili tu, za kazi ya paspoti, na mjini hakuna nyingine. Dada akamjibu kwamba mbili zitamtosha mtu anayeangalia kabla ya kubonyeza. Ilikuwa kejeli, lakini aliibeba.

Tukabanana watatu, dada katikati, goti lake likigusa gia. Tulia alikaa dirishani, kamera imefungwa. Alikuwa kama mtu aliyepewa maji ya kikombe kimoja kuvuka jangwa. Kila kona anainua mkono kusema simama, kisha anaushusha. Akaanza kuukwaruza mlango kwa kucha. Akahesabu nguzo kwa sauti. Dada akamshika mkono akauweka mapajani pake, mkono ukakaa kidogo, ukaondoka.

Mji wa kwanza, sijazima injini, yule mama mshona nyavu akatuona. "Mpiga picha," aliita. "Juzi ulikuja kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Picha yangu iko wapi?"

"Mama, zile picha… zilisafishwa," Tulia alisema.

"Kama zimesafishwa si uzilete?"

"Hazikusafishwa hivyo."

"Zimesafishwa au hazikusafishwa?"

"Zimesafishwa sana, ndiyo shida."

"Mwanangu, mimi sijasoma, lakini usinizungushe. Kitu kilichosafishwa kinaletwa."

Wanawake wengine waliokuwa wakishona nyavu wakaacha kazi kusikiliza. Tulia alianza kurudi nyuma kuelekea garini. Hapo dada yangu akateremka, akajitengeneza kitenge kiunoni na kuwasimulia. Aliisimulia sawasawa, toka beseni mpaka kamba ya nguo, na kwa mikono akawaonyesha jinsi filamu ilivyokamuliwa. Alipofika kwenye brashi ya meno, yule mama alitoa sauti kama mlango wa bati unaofunguliwa. Alicheka mpaka sindano ikabaki hewani. Wenzake walishikana mabega.

"Na wewe," mmoja alimuuliza Tulia huku anajifuta machozi, "ulimwambia nini mama yako?"

"Nilimwambia ahsante."

Wakaanza upya.

Sikuona alipoifungua kamera. Nilisikia tu kile kidole chake kikibonyeza, mara moja, na baada ya muda mara ya pili. Hakusema neno lake. Hakumwambia mtu atulie.

Lakini garini alikuwa amekasirika. "Unanifanya kichekesho kwa watu."

"Ulitaka niwaambie nini? Zimeibwa?"

"Ungesema zimeharibika."

"Ningesema zimeharibika wangetuacha twende," dada alisema. "Na wewe ndicho ulichotaka, kwenda."

Baadaye Tulia alinung'unika kwamba mchapaji anataka bahari, si meno ya watu, na kwamba filamu moja imeshaanza kuisha bila hata jabali moja. Dada akamwambia ajipigie majabali basi, nani amemshika. Tulia akaniambia nisimame. Nikasimama, akateremka, akaangalia chini maji yakipasuka juu ya mawe, akaangalia tena, akarudi bila kupiga.

"Kulikoni?" nilimuuliza.

"Yako vile vile," alisema. "Hayakuniuliza picha yao iko wapi."

Gari la barafu husambaza barafu na habari kwa bei moja. Sisi tukishusha kamba, lenyewe lilikuwa limeshatangulia. Mji wa pili walitupokea wakijua. Mji wa tatu watu walikuwa wamesimama gatini, na jina Tulia halikuwepo tena. "Sabuni amefika," waliambiana. Mwendesha winchi alimuuliza kama anafua na mapazia. Nahodha mmoja mkavu, ambaye safari ya kwanza alijipanga kama anapigiwa picha ya jeneza, sasa alikuja mwenyewe na kumwomba ampige upya, "ila usinifue, chumvi hii ya mwilini nimeikusanya miaka mingi." Walimzunguka, hawakumwachia njia ya kukimbilia mwisho wa gati. Kila mmoja alitaka kusimuliwa na mwenye mkasa. Mwanzo alijibu kwa mkato. Kufikia mji ule wa tatu alikuwa anasimulia mwenyewe, vibaya, anaruka sehemu, dada anamrudisha nyuma, "Bado hujafika kwenye brashi," na watu wanauchekea ugomvi wao kuliko kisa chenyewe.

Tulikaa muda mrefu kila mahali, mimi nikitazama jua na kuwaza maelezo ya kumpa meneja. Tulia alizitazama kamba zikishushwa, akawatazama watu wakishika tumbo, kamera kifuani, na mara nyingi hakupiga kabisa. Mguu wake tu ndio uliokuwa ukichezacheza chini.

Jambo nililoliona mimi, na sidhani kama dada alijua nimeliona, ni hili. Tulipoondoka mji wa tatu, kwenye kona moja ya juu sana, aliyesema "simama" alikuwa yeye. Akapanda juu ya miguu ya mumewe akatoka wa kwanza. Upepo ulimpeperusha kitenge. Alisimama pale kwa kitambo, hakuashiria kitu, hakuita mtu. Aliporudi akauliza, "Na mji unaofuata ukoje?"

Nilimtazama Tulia. Yeye alikuwa anatazama dirishani kwa bidii sana.

Mji wa mwisho kwenye orodha yangu ulikuwa wenye winchi kubwa kuliko yote. Wafanyakazi wa kiwanda cha barafu walitoka wote, mabuti ya mpira hadi magotini, na jitu lao moja likamkabidhi Tulia mche mzima wa sabuni kwa mikono miwili, kwa heshima, kama zawadi ya bibi harusi. "Tumesikia fundi amekuja bila vifaa." Tulia aliupokea. Akaangalia mche, akaangalia kamera, kama asiyejua kipi akitumie kwanza, na hapo akacheka mwenyewe, cheko la kukatikakatika la mtu aliyelibana siku nyingi. Akampa dada sabuni ashike na kupiga. Kisha kamera ikagoma. Filamu ya pili ilikuwa imeisha.

Alitaka kuendelea. Alivuta ule mkono wa kamera wa kusogezea filamu tena na tena.

Nyumbani, safari hii alisimama mbele ya mama yake, akasubiri aweke sufuria chini, akasema sentensi yake mpaka nukta. "Mama, hizi nitasafisha mwenyewe. Wewe umechoka."

"Haya," mama alisema. "Lakini zile zangu zilitakata."

Akajifungia. Tulimsikia anagonga gonga ukuta kwa vidole, akingojea dawa ifanye kazi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mkononi ana picha mbichi, akazipanga juu ya meza ya kushonea. Dada akazipitia moja moja mpaka akafika kwa mshona nyavu, akasema tu, "Ndivyo alivyokuwa."

Kwa mchapaji twende sote, dada akaamua. Mchapaji alivaa miwani, akazipitia kama anayehesabu karata.

"Bahari iko wapi?"

"Iko nyuma yao," Tulia alisema.

"Wapi nyuma? Hii?" Akaweka kidole. "Hii iko nyuma ya sikio la huyu bwana. Ndugu yangu, tulisema bahari. Watu wananunua kalenda waone bahari. Meno wanayo nyumbani."

Tulia alianza kuzikusanya. Mchapaji alikuwa ameshika moja asiyoiachia, ile ya mshona nyavu, mdomo wazi na sindano hewani. Akaigeuza, akaitazama tena.

"Huyu anacheka nini?"

Tulia akamwangalia dada. Dada akamsimulia. Mchapaji alijikaza mpaka kwenye sabuni ya vyombo, kwa sababu biashara ni biashara. Kwenye brashi ya meno alishindwa, akakaa juu ya robota la karatasi, miwani mkononi. Fundi wake wa mashine akaja kuuliza kuna nini, akasimuliwa naye.

"Sita," mchapaji alisema alipopata pumzi. "Nachapa sita, kila moja miezi miwili. Zaidi ya hapo sichapi."

"Tulisema kumi na mbili," Tulia alisema.

"Na tulisema bahari."

Kalenda zilipofika nyumbani, zimefungwa kwa uzi na bado zinanuka wino, ilikuwa Jumapili. Tulia hakuzifungua. Aliziweka kwenye benchi la wateja, akaenda akasugua viatu vyake vyeusi, akarudi kumuuliza dada shati jeupe liko wapi.

"La nini?"

"Kesho Jumatatu."

Dada alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. Aliendelea mpaka uzi ukapita. "Nilisema kalenda ikitoka. Imetoka au haikutoka?"

"Imetoka kurasa sita. Nusu."

"Januari imo?"

"Imo. Pamoja na Februari."

"Na Desemba?"

"Imo."

"Basi mwaka wote umo. Una kurasa ngapi mimi sikuuliza." Akakanyaga cherehani, akashona mshono mzima, akaiacha. "Rudisha viatu mahali pake."

Dada alikuwa amepoteza, naye alijua amepoteza nini. Miaka yake yote alitaka mtu wa kukaa naye. Tulia alisimama pale na brashi ya viatu, hajui aondoke au asogee karibu. Kisha akauliza lile lililokuwa la haki kuulizwa. "Na studio? Watu wa paspoti?"

"Nitawapiga mimi. Nionyeshe tu pa kubonyeza," alisema. "Kuwaambia watu watulie kuna ugumu gani? Nimekuambia wewe miaka yote hii."

"Na mimi sikutulia."

"Wao wanalipa."

Akamwonyesha siku hiyo hiyo, mimi nikiwa mteja wa majaribio, ndani ya koti la mgongo wazi. Picha yangu hiyo ya kwanza ilitoka bila kichwa. Ya pili ilikuwa nzuri.

Shehena yangu iliyofuata ilikuwa ya maboya. Asubuhi ile Tulia alikuwa amekaa ndani ya pikapu kabla sijafungua stoo. Mapajani alikuwa na bahasha kubwa ya picha za watu wa pwani, kila moja imeandikwa nyuma mji na kazi ya mwenyewe, maana majina hakuuliza. Dada alikuja kutuaga getini, haraka, kuna mteja kwenye benchi. Alimwambia mumewe, "Ukifika usimwachie mtu mwingine akupelekee. Kaa mpaka kila mmoja aione yake."

"Nitakaa," alisema, na mguu wake ulikuwa unachezacheza.

Dada alisubiri kidogo. Alitazama barabara kupita juu ya bodi la gari, kisha akarudi ndani bila kungoja tuondoke. Nilimsikia anamwambia mteja anyooshe shingo.

Nilikuwa nafunga turubai Tulia aliponiuliza kupitia dirishani, "Shemeji, baada ya mji wa winchi kuna nini?"

"Hatuna mteja huko."

"Sikuulizia mteja."

"Barabara inaisha."

"Inaishia kwenye nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kufika. Akashusha kioo chote, akatoa kiwiko nje, na kabla sijakaza fundo la mwisho akanyoosha mkono hadi kwenye usukani akapiga honi.